Soma kwanza, bana baadaye: kuiachia kompyuta kazi ya masijala

Faili la PDF lenye kurasa arobaini, lililoskaniwa kwa rangi kutoka jalada la zamani, linaweza kugoma kwenda kwa barua pepe kwa sababu ya uzito. Faili hilohilo, ukiandika jina la mtu kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta inajibu kwamba jina halimo. Wewe unaliona kwa macho yako, lipo mstari wa tatu. Kwa kompyuta hakuna mstari wa tatu wala jina, kuna picha arobaini tu.

Hapo ndipo zilipokwama ofisi nyingi huku kwetu, kuanzia Mbeya mjini hadi Mafinga na Makambako. Mashine kubwa ya kunakili yenye skana imenunuliwa, karani wa masijala amekabidhiwa rundo la majalada, na baada ya muda malalamiko yanakuwa mawili: mafaili ni mazito, na hayatafutiki. Kila lalamiko linatafutiwa dawa yake. La kwanza linamalizwa haraka, kwa kubana. La pili linasubiri mpaka apatikane kijana wa TEHAMA, naye akifika anakuta picha zilishabanwa hadi herufi zikachakaa. Hakuna programu itakayozirudisha.

Kubana, yaani kupunguza uzito wa faili, na kusoma, yaani kuifanya kompyuta itambue maandishi yaliyo kwenye picha, ni kazi moja yenye hatua mbili, na hatua hizo hazibadilishani nafasi. Ukilielewa hilo, mengine yote, pamoja na namna ya kuifanya kompyuta iifanye kazi hiyo yenyewe usiku kucha, yanafuata bila shida kubwa.

Ukurasa mmoja una nini ndani yake

Chukua barua moja ya A4. Skana ikiwekwa kwenye nukta 300 kwa inchi, kipimo ambacho mashine huandika dpi, barua hiyo inageuka kuwa gridi ya pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu, yaani karibu pikseli milioni 8.7. Kwa rangi, kila pikseli inachukua baiti tatu, kwa hiyo ukurasa mmoja kabla haujabanwa una takriban megabaiti 26. Kwa kijivu ni megabaiti 8.7. Kwa nyeusi na nyeupe tupu, ambapo pikseli nane zinakaa kwenye baiti moja, ni megabaiti moja na kidogo. Ukipandisha skana hadi 600 uzito unakuwa mara nne, kwa sababu gridi inakua pande zote mbili. Ukishusha hadi 150 inabaki robo.

Sasa angalia herufi yenyewe. Herufi fupi kama a au n, katika maandishi ya pointi 10, kwa nukta 300 ina kimo cha pikseli kama 20. Kwa nukta 150 zinabaki 10. Kwa nukta 72 hazifiki hata tano. Maelekezo ya Tesseract, programu huria ya kusoma maandishi kwenye picha, yanataja kimo cha pikseli 20 hivi kuwa cha kuaminika, na chini ya 10 matumaini ni madogo sana. Hizo namba ndizo msingi wa kila kitu ninachosema hapa.

Watu wengi wanaobana PDF wanatumia Ghostscript, moja kwa moja au ikiwa imefichwa ndani ya programu nyingine. Ina viwango vilivyopangwa tayari: `/ebook` hushusha picha hadi nukta 150, `/screen` hadi 72. Aliyechagua `/screen` anafurahi, faili limekuwa jepesi na bado analisoma. Analisoma kwa sababu anajua Kiswahili na jicho lake linakisia: akiona "Mkur… wa Wilaya" anajua ni Mkurugenzi. Kompyuta haina ujuzi huo kwa kiwango hicho. Inahitaji pikseli, na pikseli zimeshatupwa.

Kwa hiyo skani kwa nukta 300, kijivu au rangi, kisha mpe msomaji, yaani programu ya kusoma, picha hiyo nzima kabla hujaipunguza chochote. Kwa karatasi za kawaida za ofisi, nukta 600 ni kupoteza nafasi na muda.

Njia za kubana hazifanani

JPEG, iliyosanifishwa mwaka 1992, ilitengenezwa kwa ajili ya picha za kamera. Inagawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, kisha inatupa ndani ya kila mraba yale mabadiliko madogomadogo ambayo jicho halitatambua yameondoka. Kwa picha ya Mlima Rungwe haina neno. Kwa barua, kingo za herufi ndiyo mabadiliko yenyewe, na ukibana sana unaona vumbi la kijivu limezunguka kila neno.

Group 4 ilitoka kwenye mashine za faksi, mwaka 1984. Yenyewe inashughulika na nyeusi na nyeupe tu, na kwa kila mstari inaandika ni wapi weusi unaanza na kuisha ukilinganisha na mstari wa juu yake. Haipotezi pikseli hata moja, na ukurasa wa maandishi unashuka hadi makumi ya kilobaiti. Tatizo ni kwamba lazima kwanza ugeuze karatasi kuwa nyeusi na nyeupe, na hapo ndipo mhuri wa zambarau uliofifia unapotea, pamoja na saini ya kalamu ya bluu isiyo na wino wa kutosha. Barua ya ofisi ya Tanzania ambayo mhuri wake hauonekani itakuletea maswali siku utakapoihitaji. Mimi sikubali nyeusi na nyeupe kwa ukurasa wowote wenye mhuri. Zitumie kwa viambatisho virefu vilivyochapwa tu.

Ipo njia ya kati, inayotenganisha ukurasa katika tabaka: herufi zinawekwa upande mmoja kwa ukali wake wote, na mandhari ya nyuma, pamoja na rangi ya karatasi na mihuri, inabanwa sana peke yake. Mashine nyingi za kisasa za ofisi zina chaguo hili, huandikwa kama PDF iliyobanwa sana. Likiwa limetengenezwa vizuri linafaa, mradi usilitumie kabla ya kusoma.

Halafu kuna JBIG2, ya mwaka 2000, na hii inahitaji tukae nayo kidogo. Inabana nyeusi na nyeupe kwa kutafuta alama zinazofanana kwenye ukurasa. Kama herufi e imejitokeza mara mia mbili, inahifadhi picha ya e moja na kuandika tu sehemu ambazo inarudiwa. Ina namna mbili za kufanya kazi: isiyopoteza kitu, na inayopoteza. Ile inayopoteza ikiona alama mbili zinakaribiana, inaziona ni moja na kubandika ya kwanza mahali pa ya pili.

Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha hadharani kwamba baadhi ya mashine za Xerox WorkCentre zilikuwa zinabadilisha tarakimu kwenye nyaraka zinazoskaniwa. Katika mchoro wa nyumba, chumba ambacho kwenye karatasi kilikuwa na mita za mraba 21.11 kilitoka kimeandikwa 14.13, sawa na chumba kingine. Tarakimu za 6 ziligeuka 8. Chanzo kilikuwa ulinganishaji huo wa alama, na Xerox ikatoa marekebisho ya programu za mashine hizo. Kinachotisha ni kwamba hakukuwa na doa wala ukungu. Tarakimu ya uongo ilikuwa safi kama za kweli zilizoizunguka.

Fikiria stakabadhi ya kahawa ya chama cha msingi huko Mbozi, kilo 86 zikahifadhiwa kama 66, na karatasi yenyewe baadaye ikaliwa na mchwa. Mkulima ataleta shahidi gani? Ndiyo maana kwenye mpangilio wowote ninaouelekeza, JBIG2 inayopoteza inazimwa kabisa, kwenye mashine na kwenye kompyuta. Ile isiyopoteza haina ubaya, na inabana vizuri kuliko Group 4.

Kusoma

Tesseract ilianzia Hewlett-Packard katika miaka ya 1980, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2005, na mwaka uliofuata Google ikaanza kuilea. Toleo la 4, la mwaka 2018, lilileta usomaji wa mitandao ya neva, ambao unatazama mstari mzima badala ya herufi mojamoja. Kiswahili kimo, kwa msimbo `swa`, na kwenye mifumo ya Linux kama Ubuntu au Debian kinasakinishwa kama kifurushi cha `tesseract-ocr-swa`. Wengi wanalisahau hilo. Wanaacha programu isome kwa Kiingereza, halafu wanalalamika kwamba haijui Kiswahili. Kwa kuwa majalada yetu yana barua ya Kiswahili ikifuatwa na mkataba wa Kiingereza, mpe lugha zote mbili.

Tesseract peke yake hutoa maandishi. Anayeyarudisha ndani ya PDF, na kuifanya kazi nzima kwa amri moja, ni OCRmyPDF, nayo ni ya bure. Inaweka chini ya picha safu ya maneno isiyoonekana, kila neno mahali pake palepale lilipo kwenye picha. Ukifungua faili unaona barua ileile na mhuri wake, lakini sasa ukitafuta jina unalipata, na unaweza kunakili aya. Amri yenyewe inafanana na hii:

`ocrmypdf -l swa+eng --rotate-pages --deskew --skip-text --optimize 1 --sidecar barua.txt ghafi.pdf tayari.pdf`

Inageuza kurasa zilizoingia kichwa chini, inanyoosha zilizopinda, na inaruka kurasa ambazo tayari zina maandishi. `--optimize 1` inabana bila kupoteza, na inabana baada ya kusoma, ndani ya amri hiyohiyo. Ukitaka uzito upungue zaidi unaweka 2, lakini kwanza ulinganishe kurasa chache kwa macho. `--sidecar` inatoa maandishi pembeni kwenye faili la kawaida, ambalo tutalihitaji. Zao lake la kawaida ni PDF/A, aina ya PDF iliyosanifishwa tangu 2005 kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu.

Karatasi za Tukuyu zina shida yake. Kule mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, na jalada lililokaa karibu na ukuta lina baka la kahawia linaloanzia pembeni hadi katikati ya ukurasa. Tesseract kwa kawaida huchagua kiwango kimoja cha kutenganisha weusi na weupe kwa ukurasa wote. Baka likiwa jeusi kiasi, linamezwa pamoja na herufi zilizo ndani yake, na nusu ya barua haisomwi. Toleo la 5 lina njia nyingine, Sauvola, inayopima kila eneo kwa mazingira yake. Unaongeza `--tesseract-thresholding sauvola` na mara nyingi mistari iliyomezwa inarudi. Usiiweke kwa kila jalada, kwa sababu kwenye karatasi safi inaweza kukuza vidoa visivyo na maana. Iwekee folda yake.

Nakala za karatasi ya kaboni, zile za bluu zilizofifia, ni ngumu zaidi. Ziskani kwa rangi na usitarajie zaidi ya nusu.

Kuiachia kompyuta

Lengo ni karani abonyeze kitufe kimoja kwenye skana, aendelee na jalada lingine. Faili linaingia kwenye folda ya mapokezi, skripti fupi, yaani orodha ya amri inayojiendesha yenyewe, inaliona, inaliendesha, inaliweka mahali pake. OCRmyPDF inakuja hata na mfano wa skripti ya kuangalia folda. Palipo na matatizo ni kwenye mambo madogo ambayo hakuna anayeyataja.

Skana inapotuma faili kupitia mtandao wa ndani, jina la faili linaonekana kwenye folda kabla faili lenyewe halijakamilika. Skripti yenye haraka inachukua nusu ya jalada na kusema limeharibika. Kwa hiyo ipime ukubwa, isubiri dakika moja, ipime tena. Ukubwa ukiwa haujabadilika ndipo iguse.

Umeme unakatika. Zao liandikwe kwanza kwa jina la muda kwenye diski hiyohiyo, na lipewe jina lake halisi baada ya kukamilika tu. Faili ghafi lisihamishwe kutoka mapokezi mpaka programu ijibu sifuri, yaani imemaliza salama. Ikijibu 6, jibu linalotokea pale ambapo hukuweka `--skip-text`, faili tayari lilikuwa na maandishi. Ikijibu 8, limefungwa kwa nywila. Majibu hayo yapelekwe kwenye folda ya kukaguliwa na mtu, yasipuuzwe. PDF yenye saini ya kidijitali isipitishwe humu kabisa, kwa sababu kubadilisha chochote ndani yake kunaibatilisha saini. OCRmyPDF yenyewe hukataa, na ni vizuri ikatae. Ukipanga hivi, umeme ukirudi saa nane usiku kazi inaendelea ilipoishia bila mtu kuamka.

Sasa, utajuaje kwamba ukurasa umesomwa vizuri, na una kurasa elfu kadhaa? Hapa Kiswahili chenyewe kinasaidia. Hakuna ukurasa wa barua ya Kiswahili usio na "ya", "na" na "kwa" mara nyingi. Kwenye lile faili la pembeni, kurasa hutenganishwa kwa alama maalumu, kwa hiyo skripti inaweza kuhesabu maneno hayo matatu kwa kila ukurasa. Ukurasa wenye maneno mia na hauna "ya" hata moja, ama ni wa Kiingereza, ama ni jedwali, ama umesomwa ovyo. Wenye herufi chache kabisa ni mtupu, au umeandikwa kwa mkono. Kipimo hiki ni cha mistari michache tu ya skripti, na kwa barua zetu kinanisaidia kuliko asilimia za uhakika anazotoa msomaji mwenyewe.

Kutaja mafaili ndiko kunakowashinda wengi. Barua ya serikali ina "Kumb. Na." pale juu, kwa hiyo inaonekana rahisi: tafuta maneno hayo, chukua kinachofuata, lipe faili jina. Lakini barua ya majibu huanza kwa "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na." na skripti ikikosa ile ya juu kwa sababu mhuri umeifunika, inachukua hii ya pili. Barua yako inaishia kwenye jalada la ofisi nyingine. Iambie itafute kwenye mistari kumi ya kwanza tu, na isipopata isibuni. Ipeleke faili kwenye kukaguliwa.

Jina la mtu halitoshi kuwa jina la faili. Ukitafuta Sanga kwenye majalada ya Makete utapata nusu ya wilaya. Namba ya jalada na ya folio, yaani ya karatasi ndani ya jalada, kama masijala inavyozitumia tangu zamani, bado ndizo zinazotenganisha mtu na mtu.

Kuhusu tovuti za bure za kubana PDF, nasema wazi: hazifai kwa nyaraka za watu. Naelewa zinakotokea, kwa sababu mifumo mingi ya maombi ina kikomo cha ukubwa wa faili, na kijana wa steshenari pale Kabwe, Mbeya mjini, ana foleni mbele yake. Lakini anachopakia ni cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na matokeo ya hospitali ya mteja, kwenda kwenye seva asiyoijua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamgusa kila anayekusanya na kuchakata taarifa za watu. Programu nilizozitaja zinafanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta ya kawaida iliyo mezani. Haraka ya foleni si sababu ya kuutoa utu wa mtu nje ya ofisi.

Wala usichome karatasi kwa sababu sasa una PDF. Kwa ofisi za umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 hairuhusu kumbukumbu kuharibiwa kiholela. Hata kwa ofisi binafsi, mafaili ghafi ya skana yakae kwenye diski ya pembeni mpaka mtu afungue kurasa za kubahatisha kutoka kila jalada, alinganishe tarakimu za zao na za karatasi, mkono kwa mkono. Tarakimu kwanza, maneno baadaye. Neno likikosewa linaonekana, namba haionekani.

Yanabaki madokezo ya mkono, yale maandishi ya wakubwa pembeni mwa barua na kwenye karatasi za ndani ya jalada. Tesseract haikutengenezwa kwa mwandiko wa mkono na hakuna chaguo litakaloibadilisha. Kurasa hizo ndizo zitakazojaa kwenye folda ya kukaguliwa, na si lazima karani azichape zote. Aandike namba ya jalada, namba ya folio, tarehe, jina la aliyeandika na la aliyeandikiwa, pamoja na mstari mmoja wa dokezo linahusu nini, na maneno hayo yaingizwe kwenye sehemu ya maelezo ya PDF. Karani aliyekaa masijala miaka mingi anautambua mwandiko wa kila mkuu aliyepita pale ofisini. Kazi hiyo ifanyike angali kazini.